Mguu Unaowaka Kutoka Takoni: Mwongozo Kamili wa Kutibu Siatika Bila Kisu, kwa Watu wa Kusini

Msimu wa korosho ukikolea, kuanzia Oktoba kwenda mbele, chumba chetu cha fizio, yaani tiba ya viungo, hujaa watu wanaotembea wamepinda upande mmoja kama mnazi wa ufukweni. Mwaka juzi aliingia mama mmoja kutoka upande wa Newala, mkono mmoja kiunoni, mwingine ameshika mfuko wa rambo uliojaa dawa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia "marahaba baba", akakataa kiti. "Nikikaa ndiyo naumia zaidi. Huu mguu unawaka moto kutoka takoni mpaka kidole gumba."

Alikuwa ameshachanjwa chale pajani, ameshachomwa sindano nne, na mjukuu wake wa miaka saba ameshamkanyaga mgongo jioni tatu mfululizo. Sasa jirani aliyerudi kutoka Dar alikuwa amempa habari za matabibu wa kairopraktiki, wale wanaokulaza, wanakusukuma mara moja, mgongo unaalika kah!, unanyanyuka unatembea wima. Mama alikuwa tayari kuuza gunia la korosho apate nauli. Alichotaka kwangu ni jibu moja tu: aende au asiende?

Siku ile nilimjibu kwa ufupi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Jibu lenyewe lote ndilo hili. Mkono wa mtu mwingine, awe tabibu wa kairopraktiki au fizio, unaweza kukusaidia, ila katika mpangilio wangu ni hatua ya tano. Anayeanza na ya tano hulipa pesa nyingi, na mara mojamoja hulipa zaidi ya pesa.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni siatika

Hapa kwetu kila kinachouma kiunoni huitwa "mshipa" au baridi yabisi. Siatika, yaani maumivu ya mshipa wa fahamu (neva) uitwao siatiki, ina njia yake. Neva ya siatiki ndiyo nene kuliko zote mwilini, unene wake unakaribia wa kidole, na inaundwa na mizizi inayotoka chini ya mgongo, ile ambayo kwenye majibu ya picha utaona imeandikwa L4, L5, S1, S2 na S3. Inapita ndani ya tako, inashuka nyuma ya paja, inagawanyika karibu na goti na kwenda mpaka unyayoni. Mzizi ukibanwa kule juu, mguu ndio unaopiga kelele. Mara nyingi anayebana ni diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili: ukuta wake wa nje unachanika, ute wa ndani unatokeza na kuuchokoza mzizi. Kwa wazee kawaida ni njia ya neva iliyosinyaa kwa umri. Utawatambua: wakitembea miguu inakuwa mizito na kuuma, wakikaa au kuegemea mbele juu ya baiskeli wanapata nafuu.

Jipime nyumbani. Lala chali, mtu akuinue mguu polepole kwa kushika kisigino, goti likiwa limenyooka. Maumivu yakichomoka kama shoti ya umeme na kupita chini ya goti mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70, neva ina jambo. Ukihisi kuvutwa nyuma ya paja tu, huo ni msuli. Kisha simama, utembee hatua kumi kwa visigino na hatua kumi kwa vidole. Ukishindwa visigino, mzizi wa L5 ndio mtuhumiwa wa kwanza, na ganzi yake hupenda kidole gumba. Ukishindwa vidole, mshuku S1, ambaye ganzi yake hukaa ukingo wa nje wa mguu, upande wa kidole kidogo.

Kuna vinavyoiga siatika. Mkanda wa jeshi unaweza kuanza kwa kuunguza mguu siku kadhaa kabla ya malengelenge kutoka. Na sindano ya tako ikichomwa pasipo mahali pake inaweza kuijeruhi neva yenyewe. Mahali pake ni robo ya juu upande wa nje. Kama mguu wako ulianza kuuma dakika ileile ya sindano, mwambie daktari hivyo hivyo ilivyotokea.

Hatua ya 2: Mambo ya kukupeleka hospitali leo

Hapa usingoje kesho, wala usimpe mtu mgongo wako auguse.

Mkojo umegoma kutoka au unatoka bila wewe kujua. Haja kubwa inakuponyoka. Sehemu unayokalia ukiwa juu ya baiskeli, pamoja na sehemu za siri, imekufa ganzi. Miguu yote miwili inalegea. Hizi ni dalili kwamba kifungu chote cha neva za chini kimebanwa, na upasuaji wake huhesabiwa kwa saa. Watu wengi huona haya kuyasema haya mbele ya muuguzi kijana. Sema.

Kundi la pili halina haraka ya saa, lakini nalo ni la daktari kwanza: homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu, maumivu yanayozidi usiku hata ukilala vipi, kuanguka kutoka juu ya mkorosho, kuwahi kuugua saratani (kwa wazee wa kiume hata ya tezi dume), kuishi na VVU, au mguu unaozidi kukosa nguvu mpaka unaukokota.

Nilipokuwa mgeni kazini niliwahi kumlaza mzee kitandani tayari kumsukuma kiuno. Mikono yangu ilikuwa imeshakaa mahali pake. Mkubwa wangu alikuwa anapita mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini: "Jasho la usiku umemuuliza?" Sikuwa nimemuuliza. Mzee mwenyewe akajibu kwamba shuka hulowa kila siku alfajiri. Picha ilionyesha TB imeshakula pingili mbili. Tangu siku ile swali hilo hulitanguliza kabla ya kuvaa hata glavu, na ndiyo maana sipendi kusikia mtu ametajiwa bei tu kisha akaalishwa mgongo.

Hatua ya 3: Wiki mbili za kwanza

Wengi wenye siatika ya diski hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Ute uliotokeza hunywea wenyewe taratibu, na mwili hula uvimbe. Kazi yako ni kutokuwa kikwazo.

Usilale kitandani zaidi ya siku moja au mbili. Ukilala, laza ubavu na mto katikati ya magoti, au lala chali na mto chini ya magoti. Kitanda cha kamba kilicholegea kama bembea kiache kwa sasa. Godoro juu ya mkeka ni bora. Kunyanyuka, jiviringishe ubavu, shusha miguu, sukuma kwa mikono.

Diklofenaki au ibuprofeni hunywewa baada ya kula, moja kati ya hizo, kamwe si zote mbili. Mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo, presha ya juu au ujauzito asinywe bila kuuliza. Mtindo wa kuchomwa sindano kila siku kwenye duka la dawa mimi siupendi hata kidogo. Gabapentini na pregabalini, dawa za maumivu ya neva, zinaandikwa sana siku hizi kwa ajili ya siatika, ilhali mwongozo wa Uingereza unasema zisitolewe kwa ugonjwa huu. Mkanda wa kiuno nao: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, halishauri kuutumia kama tiba ya kawaida. Ukitaka kuuvaa ndani ya basi, vaa. Usiuvae kutwa nzima.

Hatua ya 4: Tafuta upande ambao maumivu yanapanda

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na haina gharama. Fizio mmoja wa New Zealand, Robin McKenzie, aliigundua kwa bahati mwaka 1956. Mgonjwa wake alilala kifudifudi kwenye kitanda ambacho upande mmoja ulikuwa umeachwa umeinuliwa, mgongo ukapinda kwa nyuma, na McKenzie aliporudi akitarajia kumkuta hoi, mguu ulikuwa umepoa.

Yule mama nilimtandikia mkeka sakafuni. Nikamwomba alale kifudifudi, mikono ubavuni, apumue tu. Dakika tano. Nikamuuliza maumivu yako wapi, akasema palepale, kidoleni. Nikamwambia ajiinue kwa viwiko, kama mtoto anayesoma kitabu sakafuni. Dakika mbili nyingine. Kisha viganja chini ya mabega, anyooshe mikono polepole, kifua kipande huku kiuno na nyonga vikibaki vimelegea juu ya mkeka, ashuke. Mara kumi. Kwenye ya sita akanyamaza, akainua uso. "Baba, kidole kimeacha. Sasa moto uko hapa." Akagusa nyuma ya paja. Kiuno chenyewe kilikuwa kinamuuma zaidi, akaogopa. Hiyo ni habari njema.

Kanuni yenyewe: maumivu yakipanda kutoka mguuni kuelekea kiunoni, uko upande sahihi hata kama kiuno kinauma zaidi kidogo. Yakishuka, mfano yalikuwa pajani yakafika kwenye shavu la mguu, acha zoezi hilo mara moja. Ukipata upande wako, fanya mara kumi kila baada ya saa mbili au tatu za mchana. Upate mahali pa faragha. Wanawake wengi huniambia hawalifanyi kwa sababu nyumbani kuna wageni.

Wazee wenye njia iliyosinyaa mara nyingi upande wao ni wa kinyume: lala chali, vuta goti moja kifuani, kisha la pili, shikilia kwa kuhesabu hadi ishirini, achia. Usilazimishe mgongo wa mzee upinde nyuma eti kwa sababu jirani yake alipona hivyo.

Baada ya siku chache ongeza kuitelezesha neva. Kaa kwenye kiti, nyoosha goti la mguu unaouma huku ukiinua uso juu. Kunja goti huku ukiinamisha kichwa. Mara kumi, taratibu, bila kuvuta mpaka iume. Na utembee, dakika kumi, mara mbili au tatu kwa siku. Mwenye kukaa karibu na ufukwe wa Shangani, Mtwara, atembee pale maji yalipoukaza mchanga. Mchanga laini unakitesa kiuno.

Hatua ya 5: Kumpa mtu mgongo wako

Kairopraktiki ilianzia mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895, kwa mtu aliyeitwa D. D. Palmer. Palmer aliamini karibu kila ugonjwa hutokana na mifupa iliyokaa vibaya. Sayansi haikumuunga mkono, na matabibu makini wa leo wamejikita kwenye mgongo na viungo. Kwa hiyo ukimsikia mmoja anaahidi kutibu presha, pumu na ugumba kwa kusukuma pingili, shika viatu vyako uondoke.

Anachofanya ni msukumo mfupi wa haraka kwenye kiungo cha mgongo. Ule mlio ni povu la hewa ndani ya maji ya kiungo, sawasawa na unapoalisha vidole. Hakuna mfupa uliorudi wala diski iliyorudishwa. Kinachopatikana ni misuli kulegea na maumivu kupungua kwa muda, saa au siku kadhaa, na muda huo ndio wa kufanya yale mazoezi ya hatua ya nne kwa nafasi. Asiyeutumia hurudi kwa tabibu wiki ijayo na pesa nyingine.

Je, inasaidia siatika? Kiasi. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2006 uliwachukua watu 102 wenye maumivu ya kiuno na mguu yaliyotokana na diski. Nusu walisukumwa kweli, nusu waliigiziwa kusukumwa. Mwishoni, waliopona kabisa maumivu ya mguu walikuwa asilimia 55 kwa kundi la kwanza na asilimia 20 kwa la pili. Utafiti wa Canada wa mwaka 2010 ulikuwa mdogo, watu 40 waliokuwa wameshafikia hatua ya kupasuliwa. Asilimia 60 ya waliojaribu mikono walipata nafuu sawa na ya kisu, na waliobaki walipasuliwa baadaye bila hasara. Inatia moyo, lakini ni watu wachache. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza unaruhusu tiba ya mikono kwa sharti iambatane na mazoezi.

Mimi huku kwetu sijakutana na tabibu wa kairopraktiki hata mmoja, ndiyo maana watu wanafikiria Dar. Kabla ya nauli, ulizia huduma ya fizio kwenye hospitali iliyo karibu nawe: Ligula ya Mtwara, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Sokoine ya Lindi, Ndanda au Nyangao. Sehemu kubwa ya kazi ya mikono kwenye kiungo hufundishwa fizio pia.

Ukishaamua kwenda kwa tabibu wa kairopraktiki, muulize alikosomea. Haina ukali, ni haki yako. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2005 vinataka mafunzo kamili yasiyopungua saa 4,200, na kwa Afrika kozi hiyo ipo Chuo Kikuu cha Johannesburg na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban. Muulize amesajiliwa wapi, akuonyeshe karatasi. Anayejiita wa tiba mbadala, msimamizi wake ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002.

Halafu mwangalie anavyoanza. Tabibu mzuri atakusikiliza, atakupima nguvu za vidole, atakugonga goti na kisigino kwa kinyundo, atauliza homa, TB, saratani, mkojo. Atakueleza anachotaka kufanya na kungoja useme ndiyo. Kama huutaki msukumo, ana njia za polepole za kukunyoosha, na hatakununia. Mbaya anakulaza kabla hujamaliza kusema jina. Mbaya anakuuzia vipindi thelathini ulipe leo. Na anayetaka kukuzungusha shingo kwa ajili ya maumivu ya mguu mkatalie: shingo haihusiki, na msukumo wake umewahi kuhusishwa na kuchanika kwa mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo, yaani kiharusi.

Msukumo haumfai mwenye TB au saratani ya mgongo, mifupa iliyopukutika kwa uzee, mfupa uliovunjika, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wala mwenye dalili yoyote ya hatua ya pili. Mjamzito apewe njia za polepole tu. Kipimo changu cha muda ni vipindi vinne hadi sita. Kama hapo maumivu hayajapanda wala hujalala vizuri zaidi, acha, hata kama tabibu ni mcheshi.

Na wachuaji wetu? Kupakwa mafuta ya nazi ya moto na kukandwa taratibu hakuna ubaya, tena kunaliwaza. Kuvutwa mguu na watu wawili, hapana. Kukanyagwa na mjukuu, hapana. Hajui anakanyaga wapi.

Hatua ya 6: Shamba na kazi

Kuokota korosho ndiko kunakotujazia chumba. Mtu anainama kutoka kiunoni, magoti yamenyooka, saa tatu nzima. Piga goti moja juu ya kiroba kilichokunjwa, badilisha goti, na kila baada ya nusu saa simama, viganja kiunoni, jipinde nyuma mara tano. Gunia lililojaa hukaribia kilo 80: wawili walibebe, au ligawe mara mbili. Mashine ya kupulizia salfa mgongoni waachie wengine msimu huo. Dereva wa bodaboda ashuke kila baada ya abiria wachache, na pochi itoke mfuko wa nyuma. Kuikalia kutwa kunachokoza neva takoni.

Hatua ya 7: Picha, na kisu kama kikibidi

Ukipita wiki sita hadi nane za kujituma bila mabadiliko, au mguu ukianza kukosa nguvu, nenda kwa daktari uzungumzie picha. Eksirei haionyeshi diski wala neva. Inayoonyesha ni MRI. Usiogope kila kilichoandikwa humo. Diski zilizotuna (bulge) huonekana kwa karibu watu 30 kati ya 100 wenye umri wa miaka 20 na watu 84 kati ya 100 wenye miaka 80, wote wasioumwa chochote. Picha ina maana inapokubaliana na mguu wako.

Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007 uliwafuata watu 283 wenye siatika kali. Waliopasuliwa mapema walipoa haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa asilimia 95 wamepona. Katika waliosubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa. Kwa hiyo kisu kinakununulia muda, na kuna wanaouhitaji muda huo kweli: mtu hapati usingizi mwezi mzima, au kazi inampotea.

Ukipewa rufaa ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili, safari ni zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara. Kata siti ya upande wa njia, nyuma ya kiuno weka kitenge kilichoviringishwa, na basi likisimama Nangurukuru au Somanga usiagize chakula ukiwa umekaa. Shuka, tembea, jipinde nyuma mara kumi, watu wakikushangaa washangae. Beba picha zote, zisikunjwe, na karatasi ya rufaa iwe mkononi, isiwe kwenye begi la buti.

Yule mama hakwenda Dar. Alikuja kwangu mara nane, gunia akaliuza kwa matumizi mengine. Mguu uliacha kuwaka kwenye wiki ya saba. Kidole gumba bado kina ganzi kidogo mpaka leo. Ganzi huwa ya mwisho kuondoka, na kwa wengine haiondoki yote. Mara ya mwisho aliniambia inamkera anapovaa ndala, maana ndala inachomoka na yeye hana habari.